Miguu Ilitulia Yenyewe

Nilipokuwa na miaka saba, mtaa wetu wa Galbet ulikuwa umeshakubaliana kwamba miguu yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya jini. Hakuna aliyeuliza ni jini gani linalotaka miguu ya mtoto wa kike mwenye ndala zisizolingana, lakini Garissa jambo likishasemwa na wanawake watatu wanaokunywa chai, huwa halihitaji ushahidi mwingine.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo: sikuweza kukaa. Duksi, chuo chetu cha Kurani, ambako tulikaa mkekani na mbao zetu za kuandikia aya, wenzangu walitikisika mbele na nyuma papo hapo walipokuwa, mimi nilitikisika nikajikuta nje ya uzio. Maalim alinituma maji mara tano kwa asubuhi moja, si kwa kiu, ila apate kupumua. Shuleni mwalimu alinikalisha dawati la mbele, akanihamishia la nyuma, mwisho akaniweka mlangoni, na kote huko niliondoka. Hata chakula nilikila nikitembea, tonge la kwanza kwetu, la pili kwa jirani.

Wala si kwamba sikuwa na umakini. Siku moja nilimtazama fundi wa pikipiki akifungua injini tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, nikiwa nimechuchumaa, sijasogea hata hatua. Fundi alisema nina macho ya fundi. Nyumbani walisema nimechelewa kurudi na maziwa. Watu wazima wana kipaji cha ajabu cha kuona kile tu walichokwisha kukiamua.

Aliyeamua kwetu alikuwa shangazi yangu, Eedo Habiba, dada mkubwa wa baba. Baba alikuwa dereva wa lori la Wajir na Mandera, nyumbani alikuwa mgeni anayejulikana, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la dada yake. Eedo alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kushindwa na swali, kwa sababu hajawahi kulisikiliza swali hadi mwisho.

"Amekanyaga majivu magharibi," alitangaza.

Kila nyumba ilimwaga majivu ya jiko nyuma ya uzio, na ilijulikana kwamba majini hupumzika hapo jua linapozama. Anayepita bila kusema bismillahi humkanyaga mmoja wao, naye hulipiza kwa kuingia kisiginoni.

"Lakini Habiba," mama alisema kwa upole, maana mama alisema kila kitu kwa upole, "huyu alianza kukimbia hata kabla hajajua kutembea vizuri."

"Basi alikanyaga akitambaa."

Ndivyo kesi yangu ilivyoamuliwa. Mwalimu wa darasa la pili, mtu wa kutoka ng'ambo ya daraja la Tana, alipokuja nyumbani kulalamika kwamba sijamaliza hata ukurasa mmoja wa hesabu muhula mzima, Eedo alimpokea mlangoni kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, hii mtoto iko na jini kwa mguu. Sisi nachoma Alhamisi. Wewe ngoja kidogo tu, itakaa kama mawe."

Mwalimu alinitazama, akatazama chini, akasema, "Sawa mama," akaenda zake. Alikuwa amesoma chuo miaka miwili, akashindwa kusema neno moja. Nilimdharau siku hiyo, na sijaona sababu ya kubadilisha mawazo.

Alhamisi asubuhi mchomaji alikuja. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, amebeba vijiti vya mti mgumu vimefungwa kitambaani, unene wa kidole. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kinachoniuma, ambacho hakikuwepo. Aliuliza kama chai ipo. Alipokwisha kunywa vikombe viwili, alivichomeka vijiti vyake kwenye makaa ya jiko lilelile ambalo mama alikuwa ametupikia anjera, akavipuliza ncha mpaka zikawa nyekundu.

"Ugonjwa na moto havikai nyumba moja," alisema, kwa sauti ya mtu aliyebuni methali hiyo mwenyewe, ilhali kila mtoto wa Kisomali huisikia tangu ananyonya.

Eedo alinikalia mapajani. Wanawake wawili walinishika mabega. Walinichoma mara nne, ndani na nje ya kila kifundo cha mguu, na kila mara mzee alihesabu hadi tatu bila haraka. Nilinuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Nilimwita mama. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na alibaki huko nyuma ya nyumba. Nimemsamehe mambo mengi haraka, lakini hilo lilinichukua hadi nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Siku ya nne, vidonda vikiwa bado vibichi, nilionekana nikimkimbiza punda wa mteka maji huku nikichechemea.

Mtu mwenye akili angesema basi, dawa haikufanya kazi. Eedo hakutetereka hata kidogo. "Moto huu unaiva polepole," alisema. Maneno hayo yalimtosha kwa miaka mitano. Nilipokuwa na miaka minane nikapanda juu ya tangi la maji la shule, moto ulikuwa bado unaiva. Nilipokuwa na tisa nikatoka katikati ya mtihani kwenda kuangalia ngamia waliokuwa wakipita barabarani, moto ulikuwa karibu kuiva. Sijawahi kuona dawa nyingine yenye bahati hiyo. Ikishindwa, bado inaiva, na mgonjwa akipona, imeiva.

Nikakua. Hilo ndilo jambo pekee lililotokea, na hakuna aliyeliona. Nikiwa na miaka kumi sikukimbia tena ovyo, ila mikono ilianza kazi: nilifumua mkeka wa duksi kamba moja moja hadi maalim akakaa siku moja kwenye mchanga mtupu. Kumi na mmoja, mikono nayo ikapungua, ikabaki kuchezea ncha ya mtandio. Kumi na miwili niliweza kukaa somo zima, nikitikisa kidole kimoja cha mguu ndani ya kiatu, mahali ambapo hakuna anayeona. Mbio zilikuwa hazijakwisha. Zilikuwa zimehamia kichwani. Mwalimu alipotaja mito ya Kenya, mimi nilikuwa tayari nimeshuka na Tana hadi baharini, nimerudi, nimekumbuka kwamba sikufunga mlango wa zizi, na nimeanza kujiuliza punda hulala saa ngapi. Lakini nilikuwa nimekaa! Na Galbet ilichotaka ni makalio kukaa, basi. Kichwa kilikokwenda hakukumhusu mtu.

Eedo alitangaza ushindi. Alinipitisha nyumba kwa nyumba. "Mtazameni Sahra," alisema, na wanawake wakanitazama, nami nikakaa mbele yao nimefunika magoti, mikono imelala mapajani, mpole mno. Kwa miaka mitano nilikuwa naitwa *waalan*, mwendawazimu. Sasa nilipewa tende. Nani angekataa?

Jirani yetu aliyeuza maziwa ya ngamia alikuwa na binti anayeitwa Ubah, mwenye miaka saba. Ubah alikuwa mimi mpya. Alikimbia akianguka, akainuka akikimbia, akacheka peke yake, na siku moja aliuangusha mtungi mzima wa maziwa ya kuuza kwa sababu kipepeo alipita. Mama yake alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache, na hakumwamini Eedo kirahisi. Nampa heshima yake kwa hilo. Badala ya kumsikiliza Eedo, alikuja kwangu mimi. Alinikuta nikiosha vyombo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa kikombe cha maziwa.

"Sahra, binti yangu, wewe mtoto hujui kunidanganya," alisema. "Ule moto ulikusaidia?"

Eedo alikuwa amesimama mlangoni. Lakini sitamsingizia Eedo. Hakunikonyeza, hakunitisha, wala hakuhitaji. Nilikuwa na muda wa kujibu. Nilijua hasa ule moto ulifanya nini: uliniuma, ukaniachia makovu manne, na siku ya nne nilimkimbiza punda. Nilijua pia kwamba mama huyu amekuja kuniuliza mimi kwa sababu binti yake yupo upande wa pili wa uzio, akiimba, miguu yake mizima.

"Ndiyo," nilisema.

Na kwa kuwa ndiyo moja ilionekana ndogo, nikaongeza. "Siku ileile nilisikia kitu kikitoka kisiginoni. Kama upepo."

Sijui niliutoa wapi huo upepo. Najua tu nilivyofurahi Eedo aliposema "Subhanallah!" kutoka mlangoni. Nilikunywa yale maziwa yote.

Ubah alichomwa Alhamisi iliyofuata. Nilimsikia kutoka nyumbani kwetu. Nikaendelea na kazi zangu, nikijiambia kwamba na mimi nililia hivyohivyo na sikufa. Mvua zilianza wiki hiyo na nzi wakawa wengi. Kidonda cha kifundo cha kushoto kilioza. Mama yake alikiosha kwa maji ya chumvi, kisha akapaka samli, kisha mtu akamwambia apake kinyesi cha ngamia kilichochomwa, naye akapaka. Walipompeleka hospitali, mshipa wa nyuma ya kisigino ulikuwa umekwisha kujikunja. Mguu ulipona, lakini ulipona vibaya. Tangu hapo Ubah hukanyagia vidole upande wa kushoto, na kukimbia hajakimbia tena.

Unajua Galbet ilisema nini? Ilisema ametulia. Wallahi, walisema hivyo mbele ya mama yake. Mtoto hawezi kukimbia, na watu wazima wenye ndevu na tasbihi mkononi wanasema moto umefanya kazi, safari hii umeiva haraka. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, nawapenda wengi wao, lakini neno hilo sijaweza kulimeza mpaka leo. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, sikufungua mdomo.

Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, nikapata kazi serikalini. Nakaa dawatini saa nane kwa siku nikiandikisha vizazi. Wenzangu hunisifu kwa utulivu. Hawajui kwamba mtu akinitajia jina la mtoto wake inabidi nimuombe alirudie mara tatu, kwa sababu katikati ya jina la babu nimekwisha kuondoka. Nimeunguza masufuria yasiyo na idadi. Mume wangu hunipigia simu saa ya kuwachukua watoto, si kwa kunidhalilisha, ila ananijua. Nimejifunza kuandika kila kitu kwenye vijikaratasi na kubandika vijikaratasi hivyo ukutani. Hiyo ndiyo dawa yangu, karatasi na gundi, na hakuna mzee anayekuja kunywa chai vikombe viwili kwa ajili yake.

Mwaka huu, kabla shule hazijafunguliwa, Ubah aliingia ofisini. Hatukuwa tumekaa pamoja kwa miaka. Anauza maziwa, kama mama yake, Mungu amrehemu. Alikuwa na binti wa miaka sita anayeitwa Ifrah, na alitaka cheti chake cha kuzaliwa. Kabla sijamaliza kusoma fomu, Ifrah alikuwa ameingia chini ya dawati langu, ametokea upande wa pili, amechukua mhuri na kujipiga nao mkononi na kwenye paji la uso.

"Naa, Ifrah, kaa!" Ubah alisema. Kisha akanigeukia, amechoka. "Abaayo, dada yangu, samahani. Usijali, huyu Alhamisi nampeleka. Yule mzee alikufa, lakini mwanawe ameirithi kazi."

Niliiweka kalamu chini. "Usimpeleke."

"Kwa nini?" Alicheka kidogo. "Wewe ulipelekwa. Mimi nikapelekwa. Tutazame sasa, wote tumetulia."

Kulikuwa na njia rahisi na niliiona. Ningeweza kusema serikali imekataza, hospitali wameshauri, sheikh fulani amesema. Ningeokoa miguu ya mtoto na heshima yangu pia. Lakini Ubah ni binti wa mama yake, haamini anayetangaza, huamini aliyechomwa. Na kumwambia yaliyonipata mimi maana yake ilikuwa kumwambia yaliyompata yeye.

"Ubah, moto haukunituliza. Nilikua tu. Watoto hukua, na mbio hupungua. Siku ya nne baada ya kuchomwa nilikuwa nakimbia."

"Ulimwambia mama ulisikia kitu kikitoka."

"Nilidanganya."

Ifrah alikuwa amepanda kiti cha wateja na anajaribu kuzima feni kwa kijiti. Hakuna aliyemzuia.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Ubah aliuliza.

"Kumi na miwili."

"Ulikuwa tayari unafunga Ramadhani." Hakuinua sauti. "Anayefunga anajua uongo ni nini."

"Nilijua."

Alitazama mguu wake wa kushoto, ule unaokanyagia vidole, akautazama muda mrefu kana kwamba ameletewa leo.

"Kwa hiyo huu ni wa bure," alisema.

Nilitafuta neno lingine. Nilitaka kumwambia kwamba ni kadari, kwamba mvua zilikuja vibaya, kwamba nilikuwa mtoto. Maneno hayo yote yapo, na watu wetu wanayajua kuyatumia vizuri sana.

"Ndiyo," nilisema. "Ni wa bure."

Hakulia, wala hakunitukana, ingawa ningefarijika kama angenitukana. Alimshusha Ifrah kitini, akamfuta wino wa paji la uso kwa mate na ncha ya mtandio, akatoka. Fomu aliiacha mezani. Nilikaa pale nikiwa na aibu iliyonijaa hadi shingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kichwa changu hakikwenda popote. Kilibaki na Ubah mlangoni, akivuka barabara taratibu, mtoto akimvuta mkono.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Eedo. Amezeeka, haoni vizuri, lakini ulimi upo. Nilimwambia yote, na kwamba dawa yake ilimharibu mtu. Alinisikiliza, au alikaa kimya, kwake ni kitu kimoja.

"Shukrani ya punda," alisema mwisho. "Tungekuacha ungekuwa mjini unaokota mifuko. Moto wako uliiva, Sahra. Umeiva mpaka umekuwa mtu wa kujuta."

Zamani ningekasirika. Siku hiyo nilimtazama tu yule mwanamke mdogo kwenye kitanda cha kamba, ambaye amewakalia watoto mapajani maisha yake yote na hajawahi kumtazama hata mmoja wao usoni, nikamdharau kwa utulivu kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba yeye angalau aliamini alichosema. Mimi sikuamini, na nilisema. Nikanyanyuka nikamchotea maji ya udhu, nikaenda nyumbani.

Alhamisi ilipita. Sikuwa na haki ya kwenda kuchungulia, na sikwenda. Ijumaa nikaandika cheti cha Ifrah mwenyewe, nikakituma kwao na mwanangu mkubwa, naye akarudi akisema amekipokea mtoto mwenyewe, alitoka mbio, akakinyakua, akarudi ndani mbio. Nilimuuliza kama alikuwa amevaa bandeji. Mwanangu akaniuliza bandeji ya nini.

Ubah hajanisamehe. Tukikutana sokoni namtolea salamu, naye huijibu kwa kiasi kile ambacho dini inamlazimisha, bila neno juu yake. Sijamlaumu. Nilimwambia kitu ambacho hakuna anayestahili kuambiwa, na aliyemwambia ndiye aliyekifanya. Maziwa sasa nanunua kwa mwingine.

Ifrah bado anakimbia. Wanawake wanalalamika kwamba Ubah amemdekeza, kwamba mtoto ana jini na mama hajali, kwamba subiri tu, utaona. Mimi nasubiri. Najua kitakachotokea, maana kilinitokea. Mbio zitapungua mwaka hadi mwaka, zitashuka kwenye mikono, zitajificha kwenye kidole ndani ya kiatu, halafu zitapanda kichwani, na atahitaji mtu wa kumfundisha kuandika mambo yake kwenye karatasi. Siku atakapokaa somo zima, Galbet itamtafuta wa kumpa sifa, na watajitokeza wengi, kila mmoja na dawa yake. Natamani siku hiyo watu wamtaje Ubah, ambaye Alhamisi ile alibaki nyumbani na binti yake, hakufanya kitu.